“Ni yeye” au “si yeye”? Spika za kununua kama unaangalia muvi nyumbani

Ijumaa ya mwisho wa mwezi uliopita tulikuwa watu sita sebuleni, tumeshakula, taa imezimwa, tunaangalia muvi moja ya Kibongo ya ugomvi wa mirathi. Mzee yuko hoi kitandani. Hati ya nyumba imeibwa, na anayeshukiwa ni mtoto wa mdogo wake. Saa nzima na nusu tunasubiri mzee aseme. Binti yake akamwinamia, akamuuliza kama ni binamu yake. Muziki wa huzuni ukapanda, sabufa ikanguruma mpaka vikombe kabatini vikalia, mzee akanong'ona maneno mawili, akakata roho.

Mama mkwe wangu akasema, “Kasema ni yeye.” Mimi nilisikia “si yeye”. Mume wangu hakusikia chochote. Tukarudisha nyuma mara tatu. Mara ya nne niliinuka nikachuchumaa mbele ya kispika cha kushoto, sikio karibu liguse wavu wake, na nilichoambulia ni “…i yeye”. Herufi moja imeliwa, na muvi nzima ilikuwa kwenye herufi hiyo.

Muvi yenyewe ni nzuri. Aliyeigiza binti hakulia kwa makelele. Muda mwingi alikaa kimya, anakunja na kukunjua upande wa kanga, na kimya kile kilinifanya nisogee ukingoni mwa kochi. Ndiyo maana niliumia. Wiki iliyotangulia tuliangalia *Binti* ya Seko Shamte, ile ya wanawake wanne wa Dar es Salaam iliyotoka 2021, na nilihisi hivyohivyo: wanawake wanazungumza ndani ya nyumba zao, kwa sauti za watu wanaoogopa kusikiwa, na nusu ya maneno yanazama. Siku ile nililaumu masikio yangu. Safari hii nikageuka nikaitazama sabufa.

Sabufa hiyo niliinunua Kariakoo kwa Sh 185,000. Sitaitaja jina, wala duka, kwa sababu nimeshasikiliza za jirani, ya dada yangu Mwanza na ya saluni ninakosukia, na kasoro ni ileile. Kwa hiyo huu ni mwongozo wa kununua spika za muvi, na utahusu jambo moja: maneno yanasikika au hayasikiki? Taa zinazowaka rangi saba, sehemu ya flashi, redio, Bluetooth, muundo wa boksi, hayo muuzaji atakuonyesha bila kuombwa.

Kwanza ujue kwa nini maneno yanazama. Sauti kama “s”, “sh”, “f” na “t” ni nyembamba, zinatokea juu kabisa, na zina nguvu kidogo. Besi ni nene na nzito. Besi ikizidi inazifunika zile nyembamba, kama lori linapopita wakati mwenzako anakunong'oneza. Kiswahili chetu kinaumia sana hapo: “ni” na “si” zinatofautiana kwa konsonanti moja, na mara nyingi maana ya sentensi nzima imekaa juu yake. Anayeangalia muvi ya Kikorea atasoma maandishi chini. Muvi zetu nyingi hazina maandishi ya Kiswahili. Usiposikia, umekosa.

Halafu kuna namna muvi zinavyopangwa sauti. Muvi nyingi kubwa hutengenezwa kwa mfumo wa 5.1. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya njia za sauti: kushoto, kulia, katikati, na mbili za nyuma. Ile .1 ni ya besi. Sasa shika hapo kwenye *katikati*, maana ndiyo njia inayobeba mazungumzo. Watu wanaongea katikati, muziki na milipuko inazunguka pembeni. Sabufa zetu nyingi ni 2.1, yaani vispika viwili vidogo na boksi moja kubwa la besi. Katikati hakuna. Mazungumzo yanagawanywa kushoto na kulia, yanasukumwa pamoja na muziki kwenye vispika vidogo mno, na boksi linanguruma juu ya vyote.

Sabufa si kitu kibaya kwa kazi yake. Kwenye kibanda umiza, muvi imetafsiriwa, mtafsiri anaongea karibu na maiki juu ya kila kitu, hapo sabufa inafaa sana. Tangu enzi za Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, tumezoea sauti ya mtu mmoja, nzito, iliyo mbele ya muvi nzima. Lakini ukitaka kumsikia mwigizaji mwenyewe, anavyohema, anavyosita kabla ya kusema uongo, sabufa haikutengenezwa kwa ajili hiyo.

Namba moja: Sony HT-S20R

Naipenda Sony na sijifichi. Baba yangu alikuwa na redio kaseti ya Sony, na taarifa ya habari ya Radio Tanzania ilisikika kutoka jikoni neno kwa neno bila kuongeza sauti. Hicho ndicho kipimo nilichokulia nacho.

HT-S20R ni 5.1 ya kweli: saundiba, yaani spika moja ndefu ya kukaa mbele ya TV, spika mbili za nyuma, na boksi la besi. Ndani ya ile saundiba kuna spika ya katikati, ya mazungumzo. Kwenye boksi wameandika wati 400. Inaunganishwa na TV kwa HDMI ARC (tundu la HDMI lililoandikwa ARC) au kwa waya wa optiki. Shemeji yangu anayo, na siku aliyonialika niliangalia muvi nzima sauti ikiwa chini kuliko ninavyoweka nyumbani, na sikupotewa na sentensi hata moja. Mvua inanyesha nyuma ya kochi, mtu anaongea mbele yako. Kila kitu kina mahali pake.

Kasoro yake ni waya. Spika za nyuma si za hewani, kwa hiyo utapitisha waya ukutani au chini ya zulia. Kama una watoto wanaotambaa, nyaya hizo zibane na ukuta. Sebule ikiwa ndogo mno, spika za nyuma zitakaa sambamba na masikio yako, na hilo si tatizo.

Ukikosa hiyo, chukua saundiba ndogo ya Sony yenye kitufe cha “Voice” kwenye rimoti. Kitufe hicho kinanyanyua mazungumzo.

Namba mbili: saundiba yoyote ya 3.1

Samsung, LG, JBL na wengine wana matoleo ya 3.1. Tatu maana yake katikati ipo. Hii inazidi 2.1 ya bei kubwa kutoka kampuni hiyohiyo, hata kama ya 2.1 ina boksi kubwa zaidi. Wauzaji wengi hawajui tofauti hii, au wanaijua na wanakaa kimya, kwa hiyo isome mwenyewe kwenye katoni. Ukiona 2.1, uliza kama rimoti ina kitufe cha kunyanyua sauti ya watu. Kama haina, achana nayo.

Namba tatu: TV yako tupu

Ndiyo, naiweka juu ya sabufa. TV bapa zina spika ndogo, na nyingi zinatazama chini au nyuma, sauti inagonga meza au ukuta kabla ya kukufikia. Lakini angalau besi haizimezi sauti nyembamba. Kabla hujatoa shilingi, ingia kwenye mipangilio ya sauti. LG huandika “Clear Voice”. Wengine wana jina lao kwa kitu kilekile. Ondoa zile za “Music” na “Stadium”. Kwenye Netflix fungua orodha ya lugha za sauti: ukikuta lugha imeandikwa mara mbili, moja na 5.1 na nyingine bila, chagua isiyo na 5.1, kwa sababu TV yenye spika mbili inapolazimika kuzikunja njia sita ziwe mbili, mara nyingi mazungumzo ndiyo yanayofifia. Mimi nilifanya haya mawili na tofauti ilisikika papo hapo.

Namba nne: spika ndogo ya Bluetooth

Sauti ya Bluetooth inachelewa: midomo inatangulia, maneno yanafuata. Kwa muziki sawa, kwa muvi hapana.

Namba tano: sabufa

Nimeshasema. Kama tayari unayo, shusha besi mpaka sifuri, pandisha trebo, yaani zile sauti nyembamba, na liondoe boksi kwenye kona ya chumba, kwa sababu kona inaongeza mngurumo.

Sasa kuhusu kununua kwenyewe, maana hapa ndipo nina donge.

Siku niliyonunua sabufa yangu, kijana wa dukani alifungulia singeli. Sauti juu kabisa. Kipande cha karatasi alichokiweka mbele ya tundu la boksi kikarukaruka, na watu wanne wakasimama kutazama karatasi. “Dada, unaona mzigo huo?” Niliuona. Sikuwa nimekuja kununua mzigo, nilikuwa nimekuja kununua kitu cha kuangalizia muvi, na nilimwambia hivyo. Hakuwa na muvi hata moja pale. Duka zima la spika, hakuna mahali pa kusikiliza mtu akizungumza.

Kwa hiyo nenda na flashi yako. Weka kipande cha dakika mbili ambamo watu wawili wananong'ona na muziki uko nyuma. Mwambie muuzaji aweke sauti ya kawaida ya nyumbani, si ya dukani. Geuza mgongo usione midomo. Kama unalazimika kukisia neno, usinunue. Atakunja uso, mwache akunje. Hela ni yako.

Pili, wati. Kwenye katoni langu waliandika wati 12,000 PMPO. Nilipofika nyumbani nikageuza boksi, nyuma kuna kibandiko kidogo kinachoeleza umeme linaoutumia: wati 60. Kifaa hakiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile kinayoivuta ukutani. PMPO, yaani nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua, si kipimo cha kumlinganishia mtu chochote. Uliza RMS, yaani nguvu inayotoka kwa mfululizo, na ukinyimwa jibu, geuza boksi usome kibandiko. Inanikera kwamba tunauziwa tarakimu hizi mchana kweupe, na mama anayelipa kwa hela ya kijumbe anaamini anapeleka nyumbani wati elfu kumi na mbili.

Tatu, risiti. Nilipoomba risiti ya EFD niliambiwa, “Ukitaka ya mashine, bei inapanda.” Bei gani inapanda? VAT ni sehemu ya bei, na kutoa risiti ni wajibu wa muuzaji kisheria, si hisani. Nikapewa karatasi ya mkono iliyogongwa mhuri “bidhaa ikishauzwa hairudishwi”. Niliporudi siku ya tatu kulalamika, karatasi hiyo ndiyo waliyonionyesha. Tangu hapo sinunui kifaa cha umeme bila risiti ya mashine, hata nikiambiwa nitaokoa elfu ishirini. Bila risiti huna waranti, una ahadi.

Na bei zenyewe! Nilipokuwa natafuta Sony nilizunguka maduka manne siku moja, mtaa mmoja, katoni lilelile, na kati ya aliyeanzia juu na aliyeanzia chini palikuwa na tofauti ya zaidi ya Sh 150,000. Mume wangu alipopiga simu kwenye duka la juu, bei ikashuka kabla hajaomba punguzo. Mimi nilikuwa nimesimama pale dakika kumi kabla yake. Sitasema zaidi, kila mwanamke anayenunua vitu vya umeme anajua ninachosema.

Mwisho, ukishawishika na used kutoka Japani, soma kibandiko cha nyuma. Wao wanatumia volti 100, sisi 230. Ukichomeka moja kwa moja, utanusa moshi.

Ile sabufa nimempa mdogo wangu mwenye banda la kunyolea, na huko anakopiga muziki kutwa inamfaa. Sony yangu ilifika Jumatano, na risiti ya mashine iko kwenye droo. Jana usiku mama mkwe ndiye aliyeomba turudie mwisho wa ile muvi. Muziki wa huzuni ukapanda, lakini safari hii ulipanda pembeni, na mzee akabaki katikati, karibu, mate yakisikika kooni.

“Si yeye.”

Mama aliinua mkono nisimamishe. Akakaa kidogo, macho kwenye skrini.

“Basi ni yule dada mtu,” akasema. “Rudisha mwanzo kabisa.”