CX-5 ya dizeli kati ya Bombo, Kampala na Gulu: lita moja inafika wapi?

Kila anayejua kwamba naendesha Mazda CX-5 ya dizeli ananiuliza swali moja: "Kwenda Gulu inakula ya ngapi?" Ya ngapi, yaani shilingi. Huku kwetu Uganda mafuta huagizwa kwa pesa, si kwa lita. Mtu anasimama kituoni, anashusha kioo, "niwekee ya elfu hamsini," analipa kwa simu na kuondoka. Ziliingia lita ngapi hajui wala hana haja ya kujua. Ndiyo maana bei ikipanda unasikia watu wanalalamika kwamba gari limeanza kunywa. Januari 2022, malori yalipokwama Malaba na Busia kwa mgogoro wa vipimo vya korona, lita ya petroli ilivuka 10,000 sehemu kadhaa, na kwa hesabu ya "ya elfu hamsini" hata Vitz, gari dogo lile, ilikuwa imegeuka trela. Kwa hiyo hapa nitahesabu kilomita kwa lita. Bei mtaiweka wenyewe, ya siku mtakayosoma.

Gari lenyewe ni la mwaka 2013, toleo la XD, injini ya Skyactiv-D ya lita 2.2 yenye turbo, giaboksi ya otomatiki ya gia sita, linasukumwa na magurudumu yote manne. Lilitoka Japani likiwa limeshatumika, na mpaka leo kila asubuhi dada wa Kijapani ndani ya dashibodi ananiambia jambo fulani kuhusu kadi ya kulipia barabara za kwao. Nimemzoea. Mimi nakaa Bombo, mji mdogo kaskazini mwa Kampala, kazi iko katikati ya Kampala, na wakwe wako Gulu, mbali zaidi kaskazini, kwa hiyo gari linaonja kila kitu: foleni, njia ya wazi yenye matuta, na safari ndefu.

Kwa karatasi za Japani, XD ya magurudumu manne iliandikiwa kilomita 18 kwa lita, na ile ya magurudumu ya mbele peke yake 18.6. Wauza magari wa Kampala wanaipenda sana namba hiyo. Ilitokana na kipimo kiitwacho JC08: gari linawekwa juu ya rola ndani ya maabara, linakwenda kilomita 8 na ushee kwa dakika kama 20, wastani wa kilomita 24 kwa saa, kasi ya juu kabisa haifiki 85, kiyoyozi kimezimwa, hakuna mlima, hakuna mama mkwe na gunia la mihogo nyuma. Kwa kulinganisha gari na gari ni kipimo cha haki. Kwa kupanga bajeti ya barabara ya Bombo, sahau.

Ninavyopima ni hivi: najaza tangi mpaka pampu ikate yenyewe, naandika kilomita, natembea mpaka mshale ushuke chini ya robo, narudi kituo kile kile, pampu ile ile, najaza tena mpaka ikate. Kilomita nilizotembea nagawa kwa lita zilizoingia. Kijana wa pampu anapenda kuendelea kubonyeza kidogo kidogo afikishe pesa kamili isiyo na chenji; mwambie aache pale ilipokata, la sivyo hesabu yote inaharibika. Kompyuta ya dashibodi nayo ina namba yake, na bahati nzuri magari ya Japani yanaonyesha kilomita kwa lita moja kwa moja, ila yangu inajisifu. Ikiniambia 15, pampu inasema 14 na kidogo. Siigombezi, lakini siiamini.

Sasa matokeo. Asubuhi ya siku ya kazi, kutoka Kawempe kushuka Bwaise mpaka Wandegeya, gari lina watu wawili na kiyoyozi kimewashwa: kilomita 9 kwa lita, na mvua ikinyesha Bwaise ikajaa maji, hata 8. Nikichanganya foleni hiyo na kipande cha wazi kutoka Bombo hadi Matugga, wiki nzima inatoka kati ya 11 na 12. Kwenda Gulu nikishika 80 hadi 90, napata 15, siku nyingine 16. Nikiwa na haraka na kukanyaga 110 hadi 120 kule tambarare ya Nakasongola, inarudi 12 au 13. Tofauti hiyo ni upepo. Ukitoka 80 kwenda 110, nguvu ya hewa inayolizuia gari inakaribia kuwa mara mbili, na hiyo ni kanuni ya fizikia, haijali nembo iliyo kwenye boneti. Halafu haraka yenyewe haina faida: kwenye kila senta, yaani kijiji cha maduka njiani, kuna matuta, unafunga breki, unaanza upya kusukuma tani moja na nusu, na yule mzee wa Ipsum uliyempita Migyera unamkuta Karuma amesimama nyuma ya lori lile lile la Juba.

Mwenzangu wa kulinganisha ni shemeji, mwenye Harrier ya petroli ya lita 2.4, ile ambayo Kampala imejaa. Tumekwenda naye Gulu kwa msafara, njia moja, siku moja, mizigo tumegawana. Mimi 15, yeye 10. Bombo hadi Gulu ni kama kilomita 300, kwa hiyo mimi lita 20, yeye lita 30. Tukiweka kila lita shilingi 5,000 ili hesabu iwe nyepesi, ni laki moja kwangu na laki moja na nusu kwake, na kurudi vilevile. Tangi langu ni la lita 58, kwa hiyo naondoka Bombo limejaa, nafika Gulu, narudi, na Jumatatu naenda nalo kazini kabla ya kuona kituo cha mafuta. Shemeji anajaza Gulu huku ananiangalia kwa jicho la pembeni.

Lakini mjini mambo yanabadilika, na hapa ndipo wengi hawasemi ukweli wote. Katika foleni ya Bwaise Harrier yake inapata kama 7 na nusu, yangu 9. Kwa kilomita 100 za foleni namshinda kwa lita mbili tu na kidogo, wakati kwenye njia ya Gulu namshinda kwa zaidi ya tatu. Na nani anatembea kilomita 100 za foleni? Jirani yetu mwenye Toyota Aqua ya haibridi anatupita wote wawili kwa mbali, kwa sababu gari lake likisimama injini inazima na linasogea kwa betri. Kwa mtu anayekaa Ntinda na kufanya kazi Kololo, mimi nasema bila kuzunguka: dizeli usinunue.

Sababu si matumizi ya mafuta peke yake. Dizeli hizi mpya zina kichujio cha masizi, mafundi wanakiita DPF, ambacho kikijaa lazima kijichome chenyewe, joto linapanda hadi kama nyuzi 600, na mafuta ya kupasha joto hilo yanatoka kwenye tangi lako. Zoezi hilo likianza utalijua: mfumo wa kuzima injini gari likisimama unakataa kufanya kazi, mngurumo unapanda kidogo, feni inazunguka hata gari likiwa limesimama, na namba ya matumizi kwenye dashibodi inaporomoka. Njia ikiwa wazi, linamaliza kazi lenyewe kwa muda wa kutoka Matugga hadi Bombo. Ukizima injini katikati, linaanza upya kesho, tena na kesho kutwa, kila mara linakunywa bila kumaliza. Pia dizeli isiyoungua inateremka kwenye oili, oili inaongezeka badala ya kupungua. Kwenye kijiti cha kupimia oili cha injini hii kuna alama ya X juu ya ile ya "imejaa". Oili ikifika hapo imwage, hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Mimi nabadilisha kila kilomita 5,000, na natumia oili ya DL-1 au C3 iliyotengenezwa kwa injini zenye kichujio hicho. Ni ghali kuliko ile anayoweka shemeji, na kila nikiilipia najua sehemu ya akiba ya Gulu imeishia hapo.

Kisekka, soko la vipuri la Kampala, utakutana na fundi atakayekushauri kukitoboa kichujio kiwe bomba tupu, "gari lipumue." Nimeshauriwa hivyo zaidi ya mara moja. Masizi yale yataenda wapi? Kwa mwendesha boda aliye nyuma yangu na abiria wake, wakati hewa ya Kampala inatosha kutukohoza bila msaada wangu. Kichujio changu kipo mahali pake.

Kwa nini basi dizeli inashinda safari ndefu? Lita moja ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa kama asilimia 10 hadi 15, hilo la kwanza. La pili, injini yenyewe inabana hewa sana mpaka mafuta yanawaka bila cheche, na haizibiwi njia ya hewa kama ya petroli unapokanyaga kidogo. Juu ya hapo kuna turbo. Sisi tuko mita elfu moja na zaidi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake. Yangu ina mvuto wa Nm 420, kwa hiyo mlima wa kutoka Karuma, ukishavuka Nile na wale nyani wanaosubiri ndizi, inapanda bila kupiga kelele wala kushusha gia mbili.

Dizeli yenyewe ina usafi wake. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa ndogo, ppm 50 (sehemu 50 kwa milioni), mwaka 2015, na injini kama hii inaihitaji. Adui ni ile iliyochanganywa na mafuta ya taa. Safari moja nilijaza kwenye kituo kidogo njiani, sitakitaja, na tangi lile lilinipa 12 kwa mwendo uleule unaonipa 15. Injini ikawa na sauti kavu mpaka mafuta yale yalipoisha. Mafuta ya taa hayalainishi pampu ya shinikizo kubwa, na nozeli za gari hili si za kununua kwa mshahara wa mwezi mmoja. Tangu hapo najaza Bombo, mahali malori yanapopanga foleni usiku. Dereva wa trela akirudi kituo kilekile, mafuta ya pale hayakai sana kwenye matangi ya chini, wala hayamdanganyi.

Madogo madogo: upepo wa matairi fuata kibandiko kwenye fremu ya mlango, maana vijana wa kiosko wanaweka 40 kwa kila gari bila kuuliza. Keria ya juu ikibeba mananasi ya Luweero inanipunguzia kilomita moja kwa lita, na keria tupu nayo inakula kidogo, hivyo nikifika nyumbani naivua. Kiyoyozi barabara kuu hakionekani sana kwenye hesabu. Ndani ya foleni kinaonekana.

Kwa mwezi mzima, foleni na safari vikichanganywa, nakaa kwenye 13. Mwenye kutembea Kampala–Gulu, Kampala–Mbarara au Kampala–Mbale kila mara, alichukue bila wasiwasi. Kama huhitaji magurudumu manne, tafuta la mawili, ni jepesi. Kabla ya kulipa, liwashe likiwa baridi, chomoa kijiti uangalie oili iko wapi na X iko wapi, kisha mwombe muuzaji mwende Matugga na kurudi. Akikataa kutoka nje ya yadi, nenda yadi nyingine.