Kimeza cha laptop cha kitandani: miguu nimeipenda, feni hapana

Oyaa wadau mambo vipi, karibuni tena, msinione nimejilaza mkadhani naumwa, leo tunachambua kimeza cha laptop cha kitandani na nimeona nikichambulie humuhumu kitandani maana kukiweka sebuleni ni kudanganyana.

Kilivyo mnakiona, ubao juu, miguu ya aluminiamu, Kariakoo vimejaa, sina haja ya kuwamalizia bando. Twende kwenye miguu. Angalia hapa, kila mguu una viungo vitatu na kila kiungo kina kitufe, unabonyeza, unazungusha, unaachia, sikiliza... tak! Mmesikia? Ngoja nisogeze maiki. Tak! Hapo kimejifunga, hakiendi mbele hakirudi nyuma. Hizo namba pembeni ni digrii, na ujanja wote uko hapo, mguu wa kulia na wa kushoto lazima isome namba moja, ukizidisha tak moja tu upande mmoja ubao unapinda na mausi inateremka yenyewe mpaka kwenye shuka, siku ya kwanza nilihangaika nusu saa nzima namlaumu muuzaji kumbe mimi ndo sisomi namba.

Nikiegemea mito hivi, ubao unapita juu ya mapaja bila kugusa. Nikitaka kulala chali kabisa, tazama, nakunja kiungo cha juu, tak, ubao unasimama kama mlango, laptop inazuiwa na hii kingo ya chini, halafu hii ThinkPad T480 skrini yake inafunguka mpaka digrii 180 kwahiyo inaniangalia usoni. Raha! Ila sasa, laptop ina kilo moja na nusu na ushee na iko juu ya pua yako, ukibonyeza kitufe kabla hujaishika... mimi wiki iliyopita ilinishukia kidevuni. Shika kwanza ndo ubonyeze.

Haya, feni. Ziko mbili, zinakula umeme wa USB wa laptop hiyohiyo, na matundu yake wala hayakai chini ya matundu ya laptop yangu. Halafu zinalia kama mbu. Uko ndani ya neti usiku unasikia nziii, unaanza kupiga makofi hewani, kumbe ni feni. Nimezichomoa. Ubao mtupu unatosha jamani, laptop nyingi zinavuta hewa kwa chini, ukiilaza kwenye godoro au blanketi inakosa pumzi, inachemka, prosesa inajipunguzia spidi yenyewe isiungue, video zinaanza kukwama na wewe unasema laptop imezeeka.

Kuna mdau aliuliza kuhusu shingo. Kaka, shingo kimeza hakiitibu chenyewe. Kibodi na skrini vimeshikana, ukipandisha skrini ifike usawa wa macho mikono inaning'inia, ukiishusha unainama, na kichwa cha mtu mzima kina kama kilo 5 kinavuta shingo saa zote hizo. Mi nimechukua kibodi ya bluetooth ya mtumba 25,000, naiweka mapajani, skrini inabaki juu. Hapo ndo nilianza kulala vizuri.

Eeh kabla sijasahau, tumebakiza watu 140 tu tufike elfu kumi, we unayeangalia kila wiki hujasabskraibu nakujua. Na sauti ya video iliyopita mnisamehe, jirani alikuwa anachomelea geti.

Bei, muuzaji alianzia 45,000 nikatoka nacho kwa 32,000. Kuna kile cha mbao chenye tundu la kikombe, 20,000, nilikuwa nakidharau ila kusema ukweli kwa chai ni kizuri kuliko hiki, shida miguu yake ni urefu mmoja tu, mwenye mapaja kama haya anabanwa na hawezi hata kugeuka. Hiki chenye feni ningekuwa na akili ningechukua kisicho na feni, nadhani ningeokoa hata elfu tano.

Halafu kitu ambacho muuzaji hakuambii, neti. Hivi vitufe vimechomoza, ukishachomekea neti halafu ukasogeza mguu hivi, unaona... imenasa. Jana nimeichana hapa, tundu la kupita kidole, na neti yenyewe si yangu ni ya dada. Nimeanza kuvizungushia soksi kuukuu, ngoja niwaonyeshe, shika simu kidogo... aah, imenasa tena.