Ziara ya Moton Field, Tuskegee: nendeni wenyewe
Nyota moja, na nimejizuia. Kuingia Moton Field, kiwanja cha ndege huko Alabama walikoanzia mafunzo marubani Weusi wa kwanza wa jeshi la Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ni bure, lakini kampuni iliyotutoa Atlanta kwa basi dogo ilitutoza pesa nyingi. Hilo ningelimeza. Lililonichefua ni mwongozaji kusimama mbele ya Hanga Namba 1 na kutangaza kwamba hapo ndipo vijana Weusi walipojifunza kurusha ndege za kivita za P-51 zenye mikia myekundu. Nilipomsahihisha alinijibu kwa ukali kwamba ndege ni ndege, nirudi garini.

Ndege si ndege! Kiwanja hiki, kilichojengwa mwaka 1941 kwa mkopo wa Mfuko wa Julius Rosenwald, kilikuwa cha hatua ya kwanza tu ya mafunzo, na ndege yake ni Stearman PT-17, yenye mabawa ya juu na ya chini na injini ya nguvu farasi 220. Aliyefaulu alihamia uwanja wa jeshi uliokuwa maili chache kutoka hapo, akaanza ndege za mafunzo zenye nguvu zaidi: BT-13, kisha AT-6. P-51 walipewa wakiwa vitani Italia, mwaka 1944.

Na hatua hiyo ya kwanza ndiyo iliyochuja watu. Stearman ikikaa muda bila kuwashwa, oili huchuruzika hadi silinda za chini. Ukiiwasha bila kwanza kuzungusha pangaboi kwa mkono, oili haikandamiziki, na mkono wa pistoni unapinda. Kisha fundi anachomeka hendeli ubavuni mwa injini, anazungusha gurudumu zito hadi livume, ndipo linaunganishwa na injini. Angani, mwalimu anasemea kwenye bomba la mpira linalofika masikioni mwa mwanafunzi, na mwanafunzi hana pa kujibia. Kutua ndiko balaa: magurudumu ya mbele yamekaribiana, uzito uko nyuma yake. Mkia ukianza kwenda pembeni na mguu ukachelewa kwenye pedali, ndege inajizungusha na bawa la chini linakwangua ardhi. Kundi la kwanza waliingia 13. Machi 1942 walihitimu 5.

Haya yote tulipewa dakika ishirini!

Kiwanja chenyewe nakipa tano, tena kwa moyo wote. Kampuni naivua hata ile moja. Kama una gari, fuata I-85, toka namba 38, shika barabara ya 81 kuelekea kusini, na utenge nusu siku.