Mchongaji hongera, ukumbi aibu tupu

Kama mnapanga kwenda kuyaona haya maonyesho ya michongo dhahania ya mbao, msiende. Au nendeni, ila nendeni mapema, kabla kiyoyozi hakijamaliza kazi yake. Naandika nikiwa bado nina hasira, mnivumilie.

Kazi zenyewe ni nzuri, kwa hilo sibishani na mtu. Wapo waliokuwa wananung'unika mlangoni, mara "hii ni nini sasa", mara "mbona haina kichwa". Mimi hainisumbui. Mbao nimezipiga msasa tangu utotoni, na mbao iliyochongwa vizuri haihitaji pua wala macho ndipo niipende. Kulikuwa na kipande kimoja kirefu kunizidi, kimetobolewa katikati hadi ukichungulia unaona ukuta wa pili. Nje laini, kinateleza kwa nta. Ndani mchongaji hakugusa msasa kabisa: kaacha alama za patasi, moja baada ya nyingine, zinazunguka kulifuata tundu. Barbara Hepworth, yule mchongaji wa Uingereza, alishatoboa mbao namna hiyo mwaka 1946 kwenye kazi yake Pelagos, lakini yeye kwa ndani alipaka rangi na kufunga nyuzi. Huyu kaiacha mbao tupu, na kwa maoni yangu hapo kamshinda. Ndiyo, nimesema.

Sasa hicho ndicho kipande walichoamua kukiweka chini ya kiyoyozi. Chini yake kabisa, hewa inakipiga ubavuni kutwa nzima.

Nikauona ufa. Unaanzia kwenye ukingo wa tundu unapanda juu, urefu wa shubiri hivi. Najua kuna watakaosema mbao zote hupasuka. Kweli, lakini ufa wa zamani kwa ndani huwa umefifia, una vumbi, nta imeingia mpaka kwenye kona. Ule ulikuwa mweupe ndani, mkavu, na nta imekatika pale pale ukingoni. Ulikuwa wa juzijuzi tu.

Nikainama niutazame. Sikugusa kitu. Mlinzi, kijana mdogo tu, akanipigia kelele kutoka upande wa pili wa chumba: "We mama, toka hapo! Hujui kusoma?" Mbele za watu wote, wakiwemo watoto wa shule. Nikamwambia taratibu, mwanangu, hiki kitu kinapasuka, mwite mkubwa wako. Akanijibu hata kunitazama hanitazami: "Ndivyo kilivyo. Hiyo ni sanaa, mama, siyo kabati."

Siyo kabati! Fundi wa makabati asingeiweka mbao ya watu mahali kama pale hata umlipe.

Msimamizi alipofika, kwa tabasamu lake, akaanza kunipa darasa. Eti kuna mchongaji wa Uingereza, David Nash, ambaye mwaka 1979 aliunda sanduku kwa mwaloni mbichi akaliita Cracking Box, na kupasuka kwake ndiyo kazi yenyewe. Namjua Nash. Ndiye huyo huyo aliyechonga jabali la mwaloni akaliachia kijitoni huko Wales mwaka 1978, maji yakalipeleka yanakotaka. Lakini Nash alichukua mti mbichi makusudi, akijua utafanya nini. Huyu wetu katumia mti uliokaushwa, kaufunga kwa nta, na kwenye kijitabu chao cha maelezo hakuna neno "ufa" hata mahali pamoja. Nilimwonyesha kijitabu. Akatabasamu tena.

Mti ukinyonywa unyevu husinyaa, na hausinyai sawasawa. Kwa urefu ni kidogo mno. Kuzunguka zile pete zake husinyaa karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea moyoni, ndiyo maana gogo hupasuka kutoka gandani kwenda ndani. Ukiongeza hewa kavu inayopiga upande mmoja tu, ubavu huo unajikaza na mwingine bado umeshiba. Lazima paachie mahali. Makumbusho mengi hujitahidi kuweka unyevu wa hewa karibu na asilimia 50, tena usipandepande wala kushukashuka. Pale sikuona hata kipimo ukutani. "Tutalifanyia kazi," akasema. Kiyoyozi hakikuzimwa. Hata kukisogeza kile kipande hatua chache hawakukisogeza, na kina kigoda chenye magurudumu!

Kwa haki, taa zimepangwa vizuri sana, na dada wa mapokezi ni mpole, Mungu ambariki. Kazi ningezipa nyota nne, pengine tano. Ukumbi sifuri. Ila hapa natakiwa kutoa alama moja tu kwa yote, basi nyota mbili. Hapana, nikimkumbuka yule kijana, moja. Na wewe mchongaji, kama unasoma hapa, njoo uchukue mali yako leo, usisubiri siku ya kufunga.