Evoker katika World of Warcraft: uzoefu wa mponyaji aliyezoea kusimama nyuma

Kwa miaka mingi ya kucheza World of Warcraft, mchezo wa kompyuta wa mtandaoni, nimekuwa mponyaji wa aina moja tu, yaani Priest, na kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma kabisa ya kikundi, hata yadi 40 kutoka kwenye vurugu, nikiitazama mistari ya uhai ya wenzangu kuliko ninavyomtazama adui mwenyewe. Nilipoamua kumjaribu Evoker, aina ya mhusika iliyoingia mwezi Novemba 2022 pamoja na toleo la Dragonflight na kuifikisha idadi ya aina zote 13, nilidhani nitabadilisha sura na mavazi, kisha mikono itaendelea na kazi iliyoizoea. Mikono ndiyo iliyoniangusha.

Kuanza kwenyewe hakuna taabu. Evoker lazima awe dracthyr, kiumbe wa asili ya joka mwenye mabawa na umbo la pili linalofanana na binadamu, na badala ya kuanzia kiwango cha 1, wakati wa Dragonflight alianzia cha 58, katika kisiwa cha Forbidden Reach. Niliimaliza sehemu hiyo jioni moja. Hadithi yake inatosha kukufahamisha dracthyr ni nani, nami sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kinachomtenga Evoker na wenzake ni kitufe kinachoshikiliwa. Kwa Priest, ukibonyeza umeshaamua: mstari wa kuandaa nguvu unajaa, uponyaji unatoka, basi. Kwa Evoker, baadhi ya nguvu zake kubwa hazitoki unapobonyeza bali unapoachia, na mstari unaojaa umegawanywa kwa hatua. Chukua Dream Breath, pumzi ya kijani inayowaponya wote walio mbele yako. Ukiachia katika hatua ya kwanza, uponyaji mwingi unakuja taratibu, tone kwa tone, kwa sekunde kadhaa. Ukishikilia mpaka hatua ya tatu, sehemu kubwa inakuja kwa mkupuo na kinachobaki baadaye ni kidogo. Spiritbloom, nguvu nyingine ya uponyaji, nayo ilikuwa na hesabu yake, kwa kuwa kila hatua iliongeza idadi ya watakaoponywa. Kwa hiyo swali nililolizoea, nani ameumia, likawa halitoshi, na nikalazimika kujiuliza pigo lijalo litakuja lini na litawakuta wangapi.

Usiku wa kwanza kidole changu kilikataa kabisa. Kila nilipobonyeza, kilinyanyuka chenyewe kwa mazoea, na kila pumzi ikatoka katika hatua ya kwanza wakati kikundi kilihitaji ya tatu. Ndani ya mipangilio ya mchezo kuna njia mbadala, ambapo unabonyeza mara moja kuanza na mara ya pili kuachia, nami niliitumia kwa wiki nzima. Ni njia nzuri, na kwa mtu ambaye kushikilia kitufe kunamchosha au kunamuumiza mkono ningeipendekeza bila kusita. Mimi nilirudi kwenye kushikilia kwa sababu niligundua kwamba nilikuwa nimeanza kuhesabu hatua kwa kidole chenyewe, bila kuutazama mstari, na macho yakapata nafasi ya kuangalia yanayotokea uwanjani.

Pana jambo jingine ambalo Priest hakuwahi kunidai, nalo ni umbali. Uponyaji mwingi wa Evoker unafika yadi 30 tu, na mashambulizi yake yadi 25. Kwenye karatasi tofauti ya yadi 10 na uponyaji wa Priest inaonekana ndogo. Ndani ya pambano, mpiga mishale aliyejitenga upande wa pili wa ukumbi yuko nje ya mikono yako, na hakuna kitufe kitakachomfikia mpaka usogee. Katika siku za mwanzo niliwapoteza wenzangu wawili kwa namna hiyo, na wote wawili walidhani nimesinzia.

Kosa langu la kukumbukwa zaidi, hata hivyo, lilitokana na Verdant Embrace. Nguvu hii inakurusha mpaka kwa mwenzako na kumponya, na neno la kuzingatia hapo ni kwamba inakurusha wewe. Mlinzi wetu wa mbele, ambaye wachezaji humwita tanki ingawa maji hana, alikuwa amesimama juu ya moto akijiandaa kuuruka. Uhai wake ulishuka, nikabonyeza kwa pupa, nikapaa hewani kwa madaha na kutua katikati ya moto huohuo sekunde ileile aliyoondoka. Yeye alipona. Mimi niliyamaliza mapambano nikiwa sakafuni, nikisoma maandishi ya wenzangu yaliyojaa vicheko.

Nilianza kumwelewa mhusika huyu ndani ya Ruby Life Pools, moja ya ngome za mapambano ya kikundi cha watu watano, katika pambano la mwisho dhidi ya joka Kyrakka na mpanda joka Erkhart Stormvein. Pambano hilo lina madimbwi ya moto ardhini na upepo unaowasukuma wote upande mmoja. Nikiwa na Priest, upepo ule ulikuwa adhabu: nikitembea kupingana nao uponyaji unakatika, nikisimama nasukumwa kuelekea motoni. Evoker ana Hover, inayomwezesha kuelea na kutoa nguvu zake huku akisogea kwa sekunde 6. Safari hiyo niliuona upepo unakuja, nikaweka Echo juu ya wenzangu wawili waliokuwa dhaifu, nguvu ambayo huufanya uponyaji wangu unaofuata ujirudie kwao, nikaelea, nikashikilia Dream Breath huku nikipita kando ya moto, na kuachia katika hatua ya tatu mara tu pigo lilipotua. Mistari mitano ya uhai ikapanda kwa pamoja. Sikumbuki lini mara ya mwisho kitufe kimoja kilinipa furaha ya aina hiyo.

Echo haipatikani bure. Inalipiwa kwa Essence, akiba ya vipande 5 inayojijaza polepole, na ukiitumia ovyo wakati wa amani utaikuta tupu wakati wa kilio. Hapo ndipo Evoker anapokuwa mgumu kwa mtu anayelijua pambano kidogo: uponyaji wake bora unaandaliwa kabla ya jeraha, na asiyejua jeraha litatoka wapi atabaki akiyafukuza maji yaliyokwisha kumwagika. Akiba ya mwisho ni Rewind, inayorudisha sehemu ya uhai uliopotea katika sekunde 5 zilizopita, lakini kuisubiri irudi ni dakika kadhaa, kwa hiyo si ya kufunikia uzembe wa kila mara.

Upande wa kushambulia, uitwao Devastation, niliujaribu kwa siku chache tu. Unapendeza kwa macho, hasa Deep Breath, ambapo joka linapaa na kuchoma kila kilicho chini ya njia yake, ila mimi nilitua mara mbili katikati ya maadui ambao hatukuwa tumepanga kuwaamsha, nikarudi kwenye uponyaji kwa heshima. Malalamiko yangu mengine ni ya urembo: katika umbo la joka mavazi mengi hayaonekani, mbali na vitu kama mabega na mkanda, na mtu aliyehangaika miezi kuipata kanzu fulani ana haki ya kununa.

Kwa mgeni kabisa wa uponyaji nisingemwelekeza hapa kwanza. Priest atamfundisha kusoma mistari ya uhai bila kumdai asome ukumbi mzima. Kwa mponyaji aliyekwisha kuyajua mapambano kwa moyo na kuanza kupiga miayo, Evoker anastahili angalau wiki tatu, kwa kuwa ile ya kwanza yote itakwenda kwenye kukibembeleza kidole. Priest wangu bado yupo kwenye nyumba ya wageni nilikomwacha, na juzi nilipomrudia kumsaidia rafiki, nilishikilia kitufe chake cha uponyaji na kusubiri hatua ya tatu ambayo haikuja.