TAHADHARI: "Franciacorta" ya zawadi inayouzwa mtandaoni Dar ni feki

Jamani, mnaotafuta zawadi ya sendofu, ya harusi au ya bosi anayestaafu: kuna muuzaji wa Instagram hapa Dar anauza mvinyo wa mapovu anaouita Franciacorta, Sh 260,000 chupa moja, ndani ya boksi jeusi lenye riboni ya dhahabu. Msinunue.

Kamati yetu ya zawadi kazini ilimlipa kwa simu. Bodaboda akaleta boksi limezungushiwa plastiki, na juu yake kikaratasi: likifunguliwa halirudishwi. Utapeli wote umejengwa hapo. Anayenunua zawadi haifungui, na aliyepewa hata akionja akakuta ni soda yenye kilevi, ataona aibu kukwambia. Sisi tuliifungua kabla ya sherehe.

Lebo ya mbele inasema "Franciacorta Prosecco". Mvinyo wa jina hilo haupo. Franciacorta inatoka Brescia, jimbo la Lombardia huko Italia, kusini mwa Ziwa Iseo. Zabibu zake kubwa ni Chardonnay na Pinot Nero, mapovu yanajitengeneza humo humo ndani ya chupa, na mvinyo unakaa juu ya hamira yake miezi isiyopungua 18. Ile ya Riserva miezi 60. Ndiyo maana bei yake imechangamka. Prosecco ni ya Veneto na Friuli, kwa zabibu za Glera, na nyingi hupata mapovu kwenye matangi. Nayo ni nzuri, ila ni mvinyo mwingine kabisa. Ukigeuza chupa, kwa herufi ndogo za kutafuta na tochi ya simu, unakuta "bevanda aromatizzata a base di vino": kinywaji cha kuongezwa ladha, kilichochanganywa na mvinyo.

Sasa angalieni shingo. Franciacorta ina daraja la DOCG, la juu kabisa la mvinyo wa Italia, tangu 1995, na kila chupa ya DOCG lazima iwe na ule ukanda mdogo wa karatasi wa serikali ya Italia, wenye namba yake. Yetu haina. Tulipochuna karatasi ya dhahabu tukakuta kizibo cha plastiki nyeupe, hakina hata herufi moja, wakati kizibo halisi ni cha gome na kimeandikwa Franciacorta. Stempu ya TRA nayo hakuna.

Tulipomuuliza akajibu kwamba hilo ni "toleo la soko la Afrika". Uongo mtupu! Franciacorta ni ya huko huko ilikotoka, haina toleo la bara fulani. Tulipodai hela yetu akatufungia namba wote. Ukurasa wake sasa una jina jipya, lakini picha ni zile zile, na za chupa halisi, jambo linaloniuma zaidi maana watu wanaamini macho yao.

Kabla ya kutuma hela, mwambie muuzaji yeyote akurekodie video ya shingo ya chupa, ukanda usomeke namba. Stempu ikaguliwe kwa programu ya TRA ya Hakiki Stempu. Na boksi lifunguliwe bodaboda akiwa bado amesimama mlangoni, hata kama riboni itaharibika; riboni inafungwa upya.

Kama na wewe umepigwa na huyu mtu, niandikie faragha na utunze muamala na chupa yenyewe, usiitupe. Tunakusanya malalamiko tuyapeleke Tume ya Ushindani (FCC) kwa pamoja.