KoboCollect kwa kuandika majina ya mahali parishini

Kwa kukusanya majina ya vilima, visima na njiapanda katika parishi yoyote ya Uganda (eneo la utawala linalokusanya vijiji kadhaa), KoboCollect ndiyo programu ya kuchukua. Ni ya bure, inatumia simu ya Android na hujaza fomu bila intaneti. Data hutumwa ukifika penye mtandao.

Fomu iwe fupi: jina, maana yake, aina ya mahali, picha, nukta ya GPS. Kisha sauti ya mzee akilitamka jina mara mbili, kwa idhini yake. Sauti usiiruke kamwe! Luganda hutofautisha irabu fupi na ndefu, Lugbara hubadili maana kwa toni (sauti kupanda au kushuka), na karani mgeni huandika alichodhani amesikia.

Kwa GPS, simama uwanjani, subiri kiwango cha kosa kinachoonyeshwa kishuke hadi mita 5. Chini ya miembe mikubwa au mabati nukta huhamahama.

Udhaifu unaoudhi: ukibadilisha swali katikati ya kazi, simu ambayo haijapakua toleo jipya la fomu huendelea kujaza la zamani, na majedwali ya data hayalingani. Jaribu fomu kwa majina 10 kwanza, ndipo utume watu vijijini.